Mbwa Aliyejiita Nyani

Kama gazeti la wiki iliyopita ulifungia samaki, usihuzunike. Nitakukumbusha kwa ufupi, maana aibu yangu haina haja ya kurudiwa yote.

Mimi ni yule mtu aliyekaa miaka thelathini na minne katika chumba cha kuongozea treni za chini ya ardhi, huko Seoul, nikigombana na sekunde. Treni ikichelewa nusu dakika, simu inalia kwangu. Miaka hiyo yote mke wangu Sunok alikula chakula cha jioni peke yake. Nilipostaafu nikamwambia, "Mama Narae, tuhamie pwani, kijijini. Tukae barazani tutazame maji yakitoka na yakirudi, basi."

Tukahamia Solgae, kijiji cha watu arobaini na mmoja na paka wasiohesabika. Wiki ya pili tu wakanichagua mkuu wa umoja wa vijana.

Nina miaka sitini na mitano.

Katiba ya kijiji inasema kijana ni yeyote ambaye hajafikisha sitini na saba. Zamani ilisema hamsini, lakini vijana wakawa wanazeeka, na katiba ikawafuata nyuma. Tangu siku hiyo ndimi ninayefyeka majani makaburini, ndimi ninayewapeleka bibi zetu kliniki ya magoti, ndimi ninayesukuma boti zilizokwama kwenye matope, na msiba ukitokea ndimi ninayebeba upande mzito wa jeneza. Barazani kwangu nimekaa mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa navua viatu vya mpira.

Sunok alivumilia miezi saba. Kisha akanipa sharti moja tu. "Nipe siku moja, Baba Narae. Tukae hapa kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua lizame, asikuite mtu. Siku ya kijiji kutia kabichi chumvi, akiba ya baridi, ikifika hujanipa, naenda kwa dada yangu Seoul, na sirudi."

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa juu ya mlingoti wa spika ya kijiji, koleo mdomoni, nikimwona Sunok kwa chini akitoka mlangoni na sanduku. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Haya. Koleo likaanguka.

"Mama Narae! Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nalianika."

"Sanduku?"

"Limeota ukungu. Kitu kikikaa bila kutumika kinaota ukungu." Alisema hivyo huku akinitazama mimi, si sanduku. Akalitundika kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi zangu, kijiji kizima kilione.

Nilishuka mlingotini. Nilikuwa nimemaliza kurekebisha waya. Kilichobaki ni kitufe cha kipaza sauti ofisini, ambacho ukikizima kinajifanya kimezimika. Kwa sababu ya kitufe hicho sote tumeshamsikia Mwenyekiti Kuk akila tambi, akigombana na daktari wa meno kwa simu, na akiimba. Nilipanga kukitengeneza kesho yake. Tafadhali kikumbukeni kitufe hicho.

Mwenyekiti Kuk ndiye mkuu wa kijiji. Ana miaka sitini na sita. Ananizidi mwaka mmoja, na huo mmoja anautumia wote. "Mdogo wangu, shika hapa." "Mdogo wangu, mvua imeng'oa bati." Kwetu aliyekutangulia kuzaliwa kwa mwaka ni kaka yako, na kaka hajibiwi.

Jioni ile ukafanyika mkutano wa kupanga kazi za siku ya kabichi. Kuk akavaa miwani akasoma orodha.

"Kubeba kabichi mia nane kutoka shambani: mkuu wa vijana. Kuteka maji ya bahari ya kulowekea: mkuu wa vijana. Kugeuza kabichi alfajiri, saa nne, na adhuhuri: mkuu wa vijana."

"Na wengine?" nikauliza.

"Wengine watakutia moyo, mdogo wangu."

Hapo ndipo shetani alinikalia begani, na mimi nikamsogezea nafasi.

Lazima niwaambie jambo moja kuhusu sisi. Vyeti vya kuzaliwa vya watu wa rika langu ni hadithi tu. Enzi zile watoto walikuwa wakifa sana, basi wazazi walingoja mwaka, hata miwili, waone kama mtoto ameamua kubaki, ndipo waende kumwandikisha. Ndiyo maana kwetu mtu haulizwi sana miaka, anaulizwa mnyama. Kila mwaka una mnyama wake, wako kumi na wawili wanazunguka, na mama hasahau mnyama wa mwaka aliojifungua. Mimi ni mbwa. Kuk ni jogoo, mwaka mmoja kabla yangu. Na kabla ya jogoo kuna nyani.

Nikasimama.

"Mimi si kijana."

Wakacheka. Kuk akafuta miwani. "Mdogo wangu, hata mimi hujisikia hivyo kila asubuhi."

"Sikilizeni. Cheti changu kilichelewa miaka miwili. Mimi si mbwa. Mimi ni nyani. Nimetimiza sitini na saba."

Nikajua nimekwisha, sasa wataniuliza ushahidi. Lakini nani angeuliza? Kila mtu mle ndani alikuwa na cheti cha uongo.

"Miwili tu?" akasema Bibi Jomrye, ambaye ana miaka tisini na mmoja na anatembea kwa kusukuma kigari cha mtoto kisicho na mtoto. "Changu kilichelewa minne. Kwa serikali, mdogo wangu wa tumbo moja ndiye dada yangu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Imepita! Kuk peke yake ndiye aliyebaki mdomo wazi.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Mimi ni mgeni. Sikutaka kufika tu nikawa juu yenu."

"Miezi saba nimekuita mdogo wangu!"

"Nilikusamehe," nikasema.

Wakanipigia makofi. Wakaleta pombe ya mchele, na ikabidi Kuk animiminie kwa mikono miwili, kisha ageuze uso pembeni anapokunywa, kama anavyofanya mdogo mbele ya mkubwa. Niliona shingo ikigoma. Ilibidi aisaidie na bega.

"Karibu... kaka," akasema. Neno lilitoka kama jino.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Sunok hakuwa mkutanini. Alikuwa kwa wanawake wenzake wakikata figili na kuangua vicheko, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Wanawake wa Solgae walikuwa wamempenda tangu siku walipomwona akifungua chaza upesi kuliko wao waliozaliwa nao.

"Mama Narae! Kuanzia leo mimi si mkuu wa vijana. Nimekuwa mzee!"

"Umekuwa mzee siku nyingi. Wamekubali vipi?"

"Nimewaelewesha," nikasema.

Ungamo langu la wiki hii ni hilo. Sikumwambia nimewaelewesha nini. Nilimwona akitabasamu, na mtu aliyekaa miaka thelathini na minne bila kuliona tabasamu hilo jioni haanzi kulikwaruza kwa maelezo.

Asubuhi yake tukakaa barazani. Chai ya shayiri, viazi vitamu vya kuchoma, maji yametoka mpaka mbali na matope yanang'aa. Sunok akaniegemea. Nikatazama saa kwa mazoea, akanivua, akaitumbukiza mfukoni mwake. Nawaapia nilisikia raha mpaka kwenye magoti.

Dakika ishirini baadaye spika ikakohoa.

"Tangazo. Tangazo. Kaka yangu mpenzi, Baba Narae. Kaka yangu mpenzi, Baba Narae. Umoja wa wazee unakungoja ukumbini. Desturi ya kijiji, mzee mpya anaripoti saa mbili. Narudia, kaka yangu mpenzi..."

"Kwa nini Kuk anakuita kaka?" Sunok akauliza.

"Heshima tu," nikasema, nikavaa viatu.

Ukumbini nilikuta wazee kumi na tisa wameketi kwenye sakafu yenye joto, wamepangwa kwa umri. Mwisho kabisa, karibu na mlango, alikaa mzee wa miaka sabini na minane amevaa aproni. Aliponiona alisimama, akaivua, akanivisha mimi kwa mikono yake. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Miaka kumi na mmoja nimekungoja," akasema.

Kutoka mbele, Mzee Wi, miaka tisini na mitatu, akapiga sakafu kwa kiganja. "Kijana! Chai imepoa!"

"Samahani, babu, mimi nimejiunga kama mzee."

"Ndiyo. Wewe ni kijana wa wazee. Chai."

Ndugu msomaji, vijana angalau walikuwa na Jumapili. Wazee hawana Jumapili. Niliosha bakuli, nikakanda mabega, nikasoma maandishi madogo kwenye vichupa vya dawa, nikacheza karata na kushindwa kwa lazima, maana mdogo hamfungi mkubwa. Niliingia saa mbili nikatoka saa kumi na moja. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Sunok aliacha kuniwekea kikombe barazani.

Kitufe cha kipaza sauti? Sikukigusa tena. Hiyo ilikuwa kazi ya mkuu wa vijana, na mimi nilikuwa nimejiuzulu.

Siku ya tano, mchana, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kabichi, nilikuwa namtilia Bibi Jomrye supu ya mwani alipouliza, hivihivi tu, mazungumzo ya chakula.

"Na mkeo yule mwenye mkono mwepesi, ni mnyama gani?"

"Chui milia, bibi."

Kijiko chake kikatua.

"Wewe si ndiye nyani?"

"Ndiye... ndimi."

"Nyani na chui milia!" Sauti yake iliamsha hata waliokuwa wamesinzia. "Nani aliwaozesha ninyi? Alikuwa amelewa? Hao wawili hawakai chini ya paa moja mpaka mwisho. Mmoja hukimbia!"

Wazee kumi na wanane wakavuta pumzi kwa pamoja. Kwetu kabla ya ndoa mama wa mwanamume hupeleka mnyama wa mwanawe kwa wazazi wa msichana, wakaone kama wanapatana. Mbwa na chui milia wanapatana vizuri sana. Nyani na chui milia, mtu haozi hata kwa bahati mbaya.

"Na ndiyo maana nimeona sanduku kwenye kamba!" akasema Bibi Jomrye, akajiinua. "Maskini mtoto wa watu. Lazima aambiwe."

"Bibi, ngoja! Supu!"

Alishashika kigari chake. Sikuwahi kujua kwamba kile kigari kina mwendo. Nikataka kumfuata, Mzee Wi akapiga sakafu.

"Bakuli kwanza, kijana."

Bakuli kumi na tisa. Niliziosha kwa namna ambayo siwezi kuieleza mbele ya watu wa afya, nikakimbia na aproni mwilini. Nilipofika kwangu, kigari kilikuwa kinatoka getini. Bibi Jomrye alinipita akitikisa kichwa, bila kunisalimu.

Sunok alikuwa barazani. Sanduku lilikuwa pembeni yake, limekauka, limefungwa.

"Keti," akasema.

Nikaketi.

"Baba Narae, kabla yako alikuja mtu kuniposa. Hilo sikukuambia. Alikuwa daktari wa ng'ombe. Alikuwa anacheka kwa sauti, na alikuwa mtu wa kurudi nyumbani mapema. Nilimpenda." Aliyasema haya akitazama bahari. "Baba yangu alimfukuza mlangoni, na zawadi zake mkononi. Unajua kwa nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Alikuwa nyani. Baba akasema chui milia haolewi na nyani. Nililia mwezi mzima. Kisha mama yako akaleta karatasi yako, imeandikwa mbwa, na baba akafurahi mpaka akachinja kuku. Nikakubali. Miaka thelathini na saba nimejiambia kwamba angalau wanyama wetu wanapatana. Umechelewa kurudi, najiambia wanyama wanapatana. Nakula peke yangu, wanapatana. Sasa bibi wa miaka tisini na mmoja ananifuata mbio na kigari kuniambia nimeolewa na nyani. Niambie kweli. Wewe ni nani?"

Nilipiga magoti pale pale, na aproni yangu.

"Mbwa! Mimi ni mbwa, Mama Narae. Mbwa mtupu, tangu kuzaliwa! Nilidanganya kijiji ili nitoke kwenye ujana nipate siku yako. Sikujua uzee una kazi kuliko ujana. Naapa kwa kaburi la mama."

Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Umedanganya watu wote hawa? Kwa ajili ya kukaa na mimi?"

"Ndiyo."

"Na Kuk akakuita kaka?"

"Kwenye spika."

Alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya aproni yangu. "Mjinga wewe. Kesho asubuhi nenda ukumbini, useme ukweli, uombe radhi. Mimi nitazungumza na wanawake. Kabichi watabeba waume zao, watake wasitake. Halafu uje ukae hapa." Akasimama, akalibeba sanduku. "Hili nalirudisha juu ya kabati."

Nilibaki nimepiga magoti. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na nilikuwa na furaha isiyo kifani. Kupitia mlango nilimwona akipanda kwenye kigoda, akiliinua sanduku kwa mikono miwili.

Spika ikakohoa.

Halikuwa tangazo. Kilisikika kiti kikiburutwa, kisha Kuk akijisemea peke yake. "Nyani! Nitamwonyesha nyani." Kisha simu ikiita, ameiweka sauti ya juu. Nikaelewa mara moja. Kwenye daftari la kijiji, mahali pa jamaa wa karibu, niliandika namba ya dada yangu mkubwa, Malsuk. Na kitufe kilikuwa kimejifanya kimezimika.

"Haloo?" Sauti ya dada yangu ikaenea juu ya mapaa yote ya Solgae.

"Shikamoo, dada. Mimi ni mwenyekiti wa kijiji anakoishi mdogo wako. Samahani kwa usumbufu, kuna jambo dogo la kumbukumbu. Mdogo wako ni mnyama gani? Ni mbwa, sivyo?"

Nikatabasamu. Sema, dada. Sema mbwa, tumalize. Nilikuwa tayari kuaibika mbele ya watu arobaini ili mmoja asikie.

Dada yangu akashusha sauti.

"Nani kawaambia?" akasema.

"Nani katuambia nini?"

"Mama alituapisha sote. Kaapisha mpaka majirani! Aliyetoboa ni nani, ni binamu yetu wa Daegu?"

"Dada, mimi nauliza tu kama ni..."

"Nyani, basi! Ni nyani! Mimi nina miaka sabini na mitatu, nimechoka kuibeba siri hii. Alichelewa kutembea, alichelewa kusema, alikuwa mtoto wa polepole sana yule. Mama akaona akienda shule na wenzake watamcheka. Tukahama mji, akampunguza miaka miwili, akasema bora mtoto awe mdogo kuliko awe mjinga. Mwenyewe hajui mpaka leo."

"Aaa," akasema Kuk, kwa sauti ya mtu aliyekaa juu ya chaza. Alikuwa amejithibitishia kaka wa maisha.

"Wakati wa kuoa mama alitaka kusema ukweli, nakuapia. Lakini msichana mwenyewe alikuwa chui milia, na tulisikia baba yake ameshamfukuza nyani mmoja mlangoni, daktari wa ng'ombe. Mama akasema sisi hatufukuzwi. Bwana Mwenyekiti, tafadhali, mkewe asijue."

Kule matopeni, waliokuwa wakichimba pweza walikuwa wamenyooka, wametazama upande wa nyumba yangu.

Nikageuza kichwa polepole.

Sunok alikuwa bado juu ya kigoda, sanduku limeinuliwa, halijagusa kabati. Akalishusha. Akashuka yeye. Akaliweka katikati ya chumba, akalifungua, akavuta droo na kuanza kupanga nguo bila haraka, moja juu ya nyingine, akizikunja vizuri sana.

"Mama Narae," nikasema. "Mimi sikujua."

Akavuta droo nyingine. Nje ya geti vilikuwa vimeshasimama vigari vitatu vya bibi zetu, na wanawake wanne wa figili, mikono kiunoni, wananitazama mimi. Nikatambaa mpaka mlangoni nione amefikia wapi.

Shati la kwanza. La pili. Soksi zilizokuwa zimeanikwa.

Nguo zote zilikuwa zangu.